Nani Avumilie? Mhadhara juu ya Kinga ya Vyombo vya Sauti dhidi ya Mawimbi ya Redio



Kuna kibandiko ambacho kila aliyewahi kugeuza chombo cha umeme kilichotengenezwa kwa soko la Marekani amekiona. Kina masharti mawili. La kwanza ni kwamba chombo hicho kisisababishe usumbufu wenye madhara. La pili ni kwamba sharti kikubali usumbufu wowote kinaoupokea, hata ule utakaokifanya kitende kazi isivyotakiwa. Masharti hayo yanatoka katika Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC, tume inayosimamia mawasiliano nchini humo. Fundi akilisoma la pili haraka haraka anaweza kudhani ni sifa ya chombo, kwamba kimejengwa kivumilie. Sivyo. Linachosema ni kwamba mwenye chombo hana pa kulalamika kisipovumilia. Ukinunua amplifaya ikaanza kutoa matangazo ya kituo cha redio kilicho mtaa wa pili, na kituo kinarusha kihalali, kesi yako imekwisha kabla hujaifungua.

Hoja yangu leo ni hii. Mara nyingi mawimbi ya redio yanapoingia katika chombo cha sauti, mwenye kosa si mrushaji. Mrushaji ana leseni, ana masafa yake, ana kiwango cha nguvu alichopangiwa. Kosa limo ndani ya amplifaya, katika sentimita chache za kwanza baada ya plagi, na lilifanyika siku mchoro wa bodi ulipochorwa. Viwango vya kinga viliandikwa kwa ajili ya siku hiyo. Sisi tunaoagiza vyombo vyetu vingi kutoka nje ndio tuliopaswa kuvishikilia kwa nguvu, maana siku ya kuchora hatupo.

Tuanze na namna wimbi linavyogeuka kelele. Bila hilo, tarakimu za viwango zitabaki tarakimu tu.

Amplifaya ya sauti imeundwa kwa masafa tunayoyasikia, hezi 20 hadi kilohezi 20 hivi. Simu ya GSM, yaani ya kizazi cha pili, hurusha karibu na megahezi 900, mara 45,000 juu ya kikomo hicho. Kwa hesabu hiyo amplifaya isingepaswa hata kujua kwamba simu ipo. Lakini mambo matatu hufuatana. Kwanza, waya hugeuka antena. Waya unaokaribia robo ya urefu wa wimbi hulinasa vizuri sana: kwa megahezi 900 robo hiyo ni sentimita 8, yaani urefu wa njia ya shaba kwenye bodi au wa waya wa ndani wa spika ndogo, na kwa megahezi 100, katikati ya bendi ya FM, ni sentimita 75, ambao ni urefu wa waya wa maiki ya mimbari. Pili, wimbi likishafika kwenye transista ya kwanza linakutana na kiungo cha semikondakta kinachopitisha umeme upande mmoja kwa urahisi kuliko upande wa pili. Kiungo hicho hufanya kazi ile ile iliyofanywa na dayodi katika redio za zamani. Hukata nusu ya wimbi, na kinachobaki ni kupanda na kushuka kwa nguvu yake. Tatu, huko kupanda na kushuka sasa kumo ndani ya masafa ya sauti, na amplifaya haina namna ya kujua kumetoka wapi. Inakukuza kwa uaminifu ule ule inaokuzia sauti ya imamu au ya mwimbaji.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini simu za GSM zilileta taabu ambayo vituo vya FM havikuileta. Nguvu ya wimbi la FM haipandi wala haishuki, kwa hiyo likikatwa huacha umeme mtulivu ambao kwa kawaida hausikiki. Simu ya GSM hugawana chaneli moja na wenzake, wanane kwa zamu. Kila zamu ni mikrosekunde 577. Simu huwaka, ikarusha, ikazima, ikasubiri wengine saba, ikawaka tena. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 4.615, ambayo ni mara 217 kwa sekunde. Hezi 217 sikio letu huzisikia barabara, na kwa kuwa mipigo yenyewe ina kingo kali, hubeba pia mazidisho yake: 434, 651, 868 na kuendelea. Hii ndiyo ile ta-tata-ta inayotoka kwenye spika sekunde chache kabla simu haijalia. Inatangulia kwa sababu simu humjibu mnara kwanza, tena kwa nguvu kubwa kwa kuwa bado haijajua mnara uko mbali kiasi gani, ndipo imwite mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi juu ya kiungo cha transista ambalo naomba mafundi walishike. Kwa mawimbi yasiyo makubwa sana, kelele inayotoka hufuata mraba wa uga wa umeme. Uga ukiongezeka mara 2, kelele huongezeka mara 4. Uga ukiongezeka mara 10, kelele huongezeka mara 100. Ndiyo maana amplifaya inaweza kukaa kimya mwezi mzima, halafu siku ya harusi ikaunguruma ukumbi mzima, na fundi akaifungua akakuta hakuna kilichoungua. Kilichotokea ni kwamba simu imetoka mfukoni mwa mtu aliyekaa safu ya tatu, ikalazwa mezani pembeni mwa mikisa.

Sasa viwango vyenyewe. Havikuanza upande wa kinga. CISPR, kamati maalumu ya kimataifa ya usumbufu wa redio, ilianzishwa Paris mwaka 1934, na hadi leo inafanya kazi chini ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Wakati ule adui alikuwa mota, tramu na vyombo vya nyumbani vilivyochafua matangazo, na nchi zilitaka kipimo kimoja ili biashara isikwame mipakani. Mdhibiti mtoa kelele, ndiyo ilikuwa fikra, na msikilizaji atakuwa salama.

Fikra hiyo ilianza kupwaya pale redio za kurusha zilipoingia mikononi mwa watu wa kawaida. Marekani ya miaka ya 1970 ilijaa redio za CB, malorini na majumbani, na watu wakaanza kusikia mazungumzo ya jirani kwenye stirio na vinanda vyao vya umeme. Mwaka 1982 Bunge la nchi hiyo, kwa Sheria namba 97-259, liliipa FCC mamlaka ya kuweka viwango vya kinga kwa vyombo vya elektroniki vya nyumbani. FCC haikuyatumia kuweka sharti la jumla; iliwaachia watengenezaji wafuate viwango vya hiari. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi mbaya. Najua hoja ya waliouunga mkono, kwamba soko lenyewe litaiadhibu amplifaya dhaifu. Soko haliwezi kuadhibu kisichoonekana dukani. Mnunuzi husikiliza sauti, hupima uzito kwa mkono, husoma wati zilizoandikwa kwenye boksi. Hakuna anayekwenda dukani na mnara wa redio.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Maelekezo 89/336/EEC ya mwaka 1989, ambayo yalikuwa ya lazima bila nafasi ya mpito kuanzia tarehe 1 Januari 1996, yaliweka sharti pande zote mbili kwa pamoja: chombo kisitoe usumbufu kupita kiasi, na kiwe chenyewe na kinga ya kutosha kufanya kazi mahali kilipokusudiwa. Yanayotumika sasa ni 2014/30/EU, na msingi ni ule ule. Chini ya sheria hiyo zikaandikwa hati za kiufundi. Redio na televisheni za nyumbani zilipata EN 55020. Vyombo vya kitaalamu vya sauti, video na taa za jukwaani vilipata EN 55103, ambayo sehemu yake ya pili ndiyo ya kinga. Mwaka 2016 ikatoka CISPR 35, inayojumuisha vyombo vyote vya aina hiyo, na kwa Ulaya inaitwa EN 55035.

Niseme kitu juu ya EN 55103-2, kwa sababu ndani yake mlikuwa na busara ambayo nasikitika ilipotea hati hizo zilipounganishwa. Iligawa mazingira katika makundi matano. Nyumbani palikuwa E1, maduka na ofisi E2, nje mjini E3, studio iliyodhibitiwa E4, na E5 ilikuwa viwanda vizito pamoja na maeneo ya karibu na minara ya kurushia matangazo. Mtengenezaji alilazimika kusema chombo chake ni cha wapi. Mnunuzi mwenye ukumbi chini ya mnara wa FM aliweza kusema nataka E5, na muuzaji akalazimika kumjibu. Leo karatasi inasema tu kwamba chombo kimefaulu.

Kimefaulu nini? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini.

Jaribio la mawimbi ya angani limeelezwa katika IEC 61000-4-3. Chombo huwekwa katika chumba kilichofunikwa ndani kwa vifyonza mawimbi, kikiwa kimeunganishwa nyaya zake na kinafanya kazi. Antena inakielekea. Kabla ya hapo mafundi wa maabara wamepima uga katika nukta 16 za mraba wa mita 1.5 kwa 1.5, bila chombo, wahakikishe umesambaa sawasawa. Kisha masafa hupandishwa kwa hatua ya asilimia 1, kuanzia megahezi 80. Kila hatua hukaa angalau nusu sekunde. Mkifanya hesabu, kutoka megahezi 80 hadi gigahezi 1 ni hatua zipatazo 254. Chombo kikigeuzwa pande nne, antena ikasimamishwa na kulazwa, mnafika hatua elfu mbili na zaidi. Wimbi lenyewe hutiwa mawimbi ya hezi 1,000 kwa kina cha asilimia 80. Hii haikuchaguliwa ovyo. Wimbi la namna hiyo ndilo linaloonyesha udhaifu wa transista waziwazi, na mlio wa hezi 1,000 kwenye spika hauwezi kuchanganywa na kitu kingine. Kwa masafa ya chini ya megahezi 80, ambako urefu wa wimbi ni mita nyingi na wapokeaji halisi ni nyaya, hati nyingine, IEC 61000-4-6, huingiza usumbufu moja kwa moja kwenye nyaya, kuanzia kilohezi 150.

Nguvu ya uga kwa vyombo vya nyumbani na ofisini ni volti 3 kwa mita. Tarakimu hiyo, 3, imeandikwa katika hati nyingi sana duniani, na ni wachache wanaouliza ni sawa na nini. Nawapa kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha nguvu ya kirushio kwa wati, zidisha kwa 7, gawanya kwa umbali kwa mita. Simu ya GSM ya megahezi 900 hurusha hadi wati 2 katika mpigo. Kipeuo chake ni 1.41, mara 7 ni karibu 10. Kwa umbali wa mita 1 uga ni volti 10 kwa mita. Kwa umbali wa mita 3 ni volti 3 na kidogo.

Kwa hiyo chombo kilichofaulu volti 3 kwa mita kimefaulu kuvumilia simu iliyo mita 3 mbali. Redio ya mkononi ya walinzi, ya wati 5, kinaivumilia ikiwa mita 5. Nani anaweka simu mita 3 kutoka kwenye maiki? Inalazwa juu ya mimbari. Inakaa juu ya kibodi cha mpiga kinanda. Kwa sentimita 30 kanuni yetu inatoa volti 33 kwa mita, mara 11 ya kipimo cha maabara, na kwa sheria ya mraba niliyoitaja kelele ni mara 120. Chombo chenye cheti halali kabisa kitapiga kelele hapo, na cheti hakikudanganya.

Huku kwetu kuna nyongeza. Simu hupunguza nguvu zake ikiwa karibu na mnara. Mjini, penye minara kila baada ya mitaa michache, mara nyingi hairushi hata sehemu ndogo ya zile wati 2. Kijijini, mnara ukiwa kilomita nyingi nyuma ya kilima, hurusha zote. Msikiti mdogo wa shamba wenye amplifaya ya bei nafuu unapambana na uga mkali kuliko ukumbi wa hoteli ya Dar es Salaam, na una waya mrefu zaidi.

Nyaya hizo ndefu zinastahili neno lao. Wengi hudhani mawimbi huingia kwa upande wa maiki peke yake. Spika za pembe zilizo juu ya mnara wa msikiti, zenye waya wa mita 30 ukutani, ni antena nzuri kuliko maiki yoyote. Wimbi hushuka kwa waya huo hadi kwenye terminali za kutolea sauti, na kutoka hapo hurudi nyuma. Amplifaya karibu zote hurudisha sehemu ndogo ya sauti inayotoka hadi mwanzo wa saketi, ili kusahihisha upotofu. Njia hiyo ya kurudisha hulibeba wimbi hadi transista ya kwanza kabisa. Fundi anaweza kuchomoa maiki zote, akaikuta kelele iko pale pale, akaamini chombo kimekufa. Pete ya ferraiti yenye waya wa spika uliozungushwa mara kadhaa, ikakaa karibu kabisa na terminali, huimaliza kelele hiyo mara nyingi.

Na sasa pini namba 1.

Plagi ya XLR ina pini tatu. Namba 2 na 3 hubeba sauti, moja kinyume cha nyingine. Namba 1 ni ya wavu wa waya unaofunika nyaya hizo mbili. Kazi ya wavu ni kunasa mawimbi ili nyaya za ndani zisiyapate, kisha kuyaondosha. Swali ni kuyaondosha kupitia wapi. Katika vyombo vingi sana, vikiwemo vya bei kubwa, pini namba 1 iliunganishwa na bodi ya saketi, kwenye njia ile ile ya shaba ambayo transista huitumia kama sifuri yao ya kupimia. Ni sawa na kujenga nyumba, ukauchimba mtaro wa maji machafu upite sebuleni kabla ya kutoka nje.

Mhandisi wa sauti Neil Muncy ndiye aliyelipigania jambo hili hadi likasikika. Makala yake ilitoka katika jarida la Audio Engineering Society mwezi Juni 1995, toleo zima likiwa limetengwa kwa ajili ya wavu wa nyaya na uunganishaji wa ardhi. Alionyesha kwamba mafundi walikuwa wamelaumu nyaya, wamelaumu umeme wa jengo, wamechimba ardhi na kuzika vyuma, ilhali kosa limo ndani ya vyombo na limenakiliwa kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Dawa yake ni kuipeleka pini namba 1 moja kwa moja kwenye chesisi ya chuma, kwa njia fupi kuliko zote, kabla haijagusa bodi. Mwaka 2005 jumuiya hiyo ikalitia jambo hilo katika kiwango chake, AES48.

Ufupi wa njia hiyo ni jambo la hesabu. Njia ya shaba ya sentimita 1 ina induktansi ya nanohenri 10 hivi. Ukiipima kwa mita ya mkononi utasoma sifuri. Kwa mlio wa hezi 50 ni sifuri kweli. Kwa megahezi 100 ni ohmu 6, na kwa megahezi 900 ni ohmu 57. Kila ninapowaona vijana wakikunja wavu wa waya kuwa mkia mrefu ndipo wausolde kwenye pini, nataka niwape tarakimu hizo mbili. Mkia wa sentimita 3 kwa wimbi la simu ni kizuizi, na umeme uliozuiwa njia utatafuta nyingine.

Hakuna kitu cha ghali katika haya. Kapasita ndogo za pikofaradi 100 kwenye maingilio, ushanga wa ferraiti, skrubu moja ya kuunganisha plagi na chesisi. Fungueni amplifaya za bei ya chini zinazopita kwenye meza zenu, mtaona kwenye bodi za baadhi yake nafasi zilizoandikwa alama ya kapasita na hazina kapasita. Mhandisi aliyechora aliziweka. Aliyehesabu gharama akaziondoa. Jambo hili linaniuma, maana aliyeziondoa alijua kwamba chombo kitakwenda mahali ambapo hakuna atakayeuliza.

Kuna mahali palipoulizwa, na matokeo yakaonekana. Vifaa vya kusaidia kusikia ni amplifaya ndogo zinazokaa sikioni, na simu hukaa sikio hilo hilo. Hapa umbali ni sentimita moja au mbili. GSM ilipoenea miaka ya 1990, watu wenye uziwi wa kiasi walijikuta wamefungiwa nje ya teknolojia ambayo kila mtu aliisifu. Kukatokea IEC 60118-13, inayopima kinga ya vifaa hivyo mbele ya simu za kidijitali. Marekani, ambayo haikuwa imetaka kulazimisha kinga kwenye stirio, hapa ililazimika kuchukua hatua: mwaka 2003 FCC iliamuru watengenezaji na kampuni za simu kuwa na simu zinazopatana na vifaa hivyo, kwa kipimo cha ANSI C63.19.

Kipimo hicho nakipenda kwa namna kilivyogawa mzigo. Simu ilipewa daraja kati ya M1 na M4 kwa uchache wa kelele inayoitoa. Kifaa cha sikio nacho kikapewa daraja kwa kinga yake. Mnunuzi alijumlisha mawili hayo. Jumla ya 4 ilimaanisha anaweza kutumia, 5 ni matumizi ya kawaida, 6 ni vizuri sana. Simu hafifu ingeweza kuokolewa na kifaa imara, na kifaa hafifu kuokolewa na simu nzuri. Hakuna upande ulioambiwa uvumilie peke yake, na hesabu yenyewe mtu aliweza kuifanya dukani kwa vidole. Sijaona kiwango kingine cha kinga kilichomheshimu mtumiaji kiasi hicho.

Nimesikia ikisemwa kwamba suala hili linakwisha lenyewe, kwa kuwa simu za kizazi cha tatu na cha nne hazina ule mpigo wa hezi 217. Ni kweli kwamba ta-tata-ta imepungua katika studio zetu. Lakini mtandao wa kizazi cha pili bado unatumika, na simu za vitufe bado ziko mikononi mwa watu wengi. Redio za TETRA zinazotumiwa na polisi na viwanja vya ndege katika nchi nyingi hupiga mara 17.6 kwa sekunde, na hutoa mtikisiko mzito kuliko wa GSM. Simu za nyumbani zisizo na waya za aina ya DECT hupiga mara 100. Maiki zisizo na waya, intaneti ya Wi-Fi na visambaza vya ndani ya majengo vyote vimesogea hadi jukwaani. Mlio wa kelele umebadilika tu. Kiungo cha transista ni kile kile, na sheria yake ya mraba ni ile ile.

Basi tufanye nini, sisi tusiochora bodi? Taasisi zetu za viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, ndizo zinazosimamia viwango vya taifa, na CISPR 35 ni hati ambayo nchi yoyote inaweza kuipitisha kuwa yake. Natamani tuone amplifaya, mikisa na spika zenye amplifaya ndani zikidaiwa ripoti ya kinga kabla ya kushushwa bandarini, kama tunavyodai usalama wa umeme. Natamani pia tusiridhike na volti 3 kwa mita kwa chombo kitakachokaa mimbarini. Volti 10 zimo katika IEC 61000-4-3, zimo na 30, na kununua kwa pamoja kunampa mnunuzi sauti. Jimbo, dayosisi au baraza linaloagiza mitambo mia moja linaweza kuiandika tarakimu hiyo katika zabuni.

Hadi hapo patakapofikiwa, anayeandika zabuni leo aandike mambo haya. Adai ripoti ya jaribio la kinga, CISPR 35 au EN 55035, aangalie kama nyaya za maiki na za spika zilikuwa zimeunganishwa wakati wa jaribio na zilikuwa na urefu gani. Adai tamko kwamba plagi zimeunganishwa kwa kufuata AES48. Muuzaji akileta CISPR 32, ajue hiyo ni hati ya kelele zinazotoka, haisemi lolote juu ya zinazoingia. Na mzigo ukifika, kabla ya kusaini hati ya kupokea mali, achukue simu, aifunge kwenye mtandao wa kizazi cha pili, aunganishe nyaya zote kama zitakavyokaa kazini, afungue sauti hadi pale itakapotumika, kisha apige simu huku akiisogeza sentimita 30 kutoka kila plagi, ya maiki, ya spika na ya umeme. Ikiunguruma, mzigo urudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo.